Shule ya Nyumbani: Juma Moja Paje



Wapendwa taifa la Mungu, baada ya tafakari yetu juu ya malezi, wapo waamini waliotujia ofisini na swali moja zito. Mzazi asiye na elimu kubwa, asiye na fedha wala nafasi, atawezaje kuwa mwalimu wa kwanza wa mtoto wake, kama Mama Kanisa anavyofundisha? Tungeweza kujibu kwa maneno ya vitabuni, na mengine tutayataja hapo mbele. Lakini jibu tulilo nalo sisi tulilipata Paje, katika juma moja la Mei 2020, na tulilipata kwa gharama ya kuona aibu. Tunawaleteeni kisa chenyewe kama kilivyokuwa.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mwezi Machi 2020 Serikali ilizifunga shule zote kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na kwa ghafla kila nyumba ikawa skuli, kama wasemavyo hapa Unguja. Sisi paroko wenu tuliona ni wajibu wetu kuwasaidia wazazi. Tuliketi mezani, tukatunga karatasi moja nzuri tuliyoiita "Ratiba ya Kanisa la Nyumbani". Saa 12 asubuhi sala. Saa 2 hadi saa 4 Hisabati na Kiswahili. Mapumziko ya nusu saa. Halafu Kiingereza na Sayansi hadi saa 6 na nusu. Saa 9 alasiri katekisimu. Saa 2 usiku Rozari Takatifu. Tuliichapa, tukaigawa katika jumuiya ndogo ndogo zote, na tusifiche jambo, tulijipongeza sana.

Jumatatu tarehe 4 Mei tulipanda gari kwenda Paje, kukaa juma zima na jumuiya yetu ya huko. Njia mnaijua: unapita msitu wa Jozani, unafika Kitogani, unakata kushoto kuelekea pwani ya mashariki. Paje tuliyoikuta haikuwa ile ya kawaida. Wageni walikuwa wameondoka, ndege za kimataifa zilikuwa zimesitishwa, hoteli zimefunga milango, na ufukwe ule unaojaa watu wenye tiara za kuteleza majini ulikuwa mweupe, mtupu. Waamini wetu wengi wa huko ni watu wa bara waliokuja kutafuta kazi za hoteli. Kufungwa kwa hoteli kulimaanisha kufungwa kwa jiko.

Tulipewa chumba katika nyumba ya wageni iliyokuwa haina wageni, na jirani yetu ilikuwa familia moja ya jumuiya hiyo. Baba alikuwa mpishi wa hoteli, amerudishwa nyumbani bila mshahara. Mama alikuwa akikaanga maandazi na kuwauzia wafanyakazi wa hoteli, na sasa wanunuzi hawakuwepo. Watoto walikuwa watatu: kijana wa darasa la sita, binti wa darasa la nne, na mdogo wa miaka mitano. Kilichowaweka hai miezi ile, baada ya Mungu, ni jirani yao, bibi mmoja mzawa wa Paje, Mwislamu mcha Mungu, ambaye alimgawia mama yule sehemu ya shamba lake la mwani.

Wasioijua kazi hiyo na waelewe kidogo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na tangu mwanzo wakulima wake wengi mno ni wanawake. Hupigwa vigingi mchangani chini ya maji, hufungwa kamba kati ya kigingi na kigingi, na juu ya kamba hufungwa mafungu madogo ya mwani kwa nyuzi nyembamba. Baada ya majuma kama sita huvunwa na kuanikwa. Lakini shambani hufikiki isipokuwa maji yamekupwa sana, yaani wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Na maji hayana saa maalumu. Kila siku hupwa yakiwa yamechelewa kuliko jana, kwa wastani wa dakika 50 hivi.

Juma lile mwezi ulikuwa mpevu Alhamisi tarehe 7. Kwa hiyo lilikuwa juma la bamvua.

Jumatatu ileile jioni tuliingia nyumbani kwao, tukapiga hodi, tukakaribishwa kwenye mkeka uani. Watoto walitupa shikamoo, wakatuletea maji ya kunawa. Ndani, ukutani, tuliiona ratiba yetu imebandikwa kwa unga wa ngano uliokorogwa, chini ya picha ya Familia Takatifu. Moyo wetu ulifurahi. Pembeni mwa karatasi tuliona misalaba midogo iliyochorwa kwa kalamu nyekundu, safu nzima. Tulidhani ni alama za mahudhurio, tukamsifu mama kwa uaminifu wake. Yeye aliinamisha kichwa, hakusema kitu.

Jumanne tulishuhudia siku yao ilivyokwenda. Mama aliamka alfajiri, akasali na watoto kwa haraka, akawapa binti na mdogo hesabu za kufanya kwa makaa juu ya ubao uliokatwa kwenye kasha la zamani, kisha akashuka baharini maji yalipokuwa yakikupwa. Redio ya jirani ilitoa kipindi cha masomo, na watoto wa nyumba tatu waliizunguka, huku kila mmoja akiambiwa asimkaribie mwenzake mno. Baba alikaa barazani, kimya, akitengeneza kiti ambacho hakikuvunjika. Kijana mkubwa hakuonekana. Alikuwa ufukweni akiwasaidia wavuvi kuvuta ngalawa ili apewe samaki wawili watatu, na aliporudi adhuhuri alimwambia mama yake mbele yetu, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba skuli zikifunguliwa yeye hatarudi. Baba alisikia. Hakujibu.

Jumatano mambo yaliharibika. Mama alirudi kutoka majini amelowa na amechoka, akamkuta binti hajamaliza zoezi lake la Kiingereza. Alimwuliza maana ya sentensi moja, binti hakujua. Akamwuliza tena kwa sauti ya juu, na binti akasema, "Mama, hata wewe hujui." Mama alilichukua daftari akalichana vipande viwili. Sisi tulikuwa uani na breviari yetu mkononi, tumesoma mstari uleule mara nne.

Usiku ule, baada ya Rozari, mama alitufuata nje. Hayakuwa maungamo, ndiyo maana tunaweza kuyasimulia, na mwenyewe alituruhusu. Alisema, "Padre, mtusamehe. Ratiba yenu hatuiwezi." Ndipo tulipojua maana ya ile misalaba myekundu. Haikuwa mahudhurio. Kila msalaba ulikuwa siku moja ambayo ratiba ya paroko haikufuatwa. Alikuwa amejiandikia hatia yake kila jioni kwa majuma mengi, chini ya picha ya Bikira Maria, kwa karatasi tuliyoiandika sisi tukiwa tumekaa kivulini mjini, bila kujua kwamba saa 2 hadi saa 4 yeye yuko ndani ya maji hadi magotini.

Wapendwa, Bwana wetu aliwakemea waalimu wa sheria waliowatwika watu mizigo mizito wasiyoigusa wao wenyewe kwa kidole. Injili hiyo tumeihubiri mara nyingi, kila mara tukiwafikiria watu wengine. Usiku ule hatukuwa na mtu mwingine wa kumfikiria. Tulimwambia mama, "Anayeomba radhi hapa ni sisi." Hakukubali haraka. Alisema padre hawezi kumwomba radhi mtu kama yeye. Tukamwambia anaweza, na wakati mwingine anapaswa. Kisha tukamwomba kesho yake atupeleke shambani.

Alhamisi maji yalikupwa sana. Binti alimsamehe mama yake asubuhi, au tuseme walisameheana: mama alimpiga magoti mbele ya mtoto, akamwomba msamaha kwa ajili ya daftari, na wakakaa pamoja kulishona kwa uzi wa kufungia mwani. Tulikunja suruali tukateremka wote, na kijana mkubwa naye, kwa kuwa tulimwambia tunamhitaji atushike mkono tusianguke, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Huko majini tuliikuta skuli ambayo hatukuiandika. Mama alimwuliza kijana: kamba ni ya mita 5, kati ya fungu na fungu unaacha sentimita 20, je, tutahitaji mafungu mangapi? Kijana alipiga hesabu kichwani, akasema 25. Binti aliyekuwa akifunga alisema ni 24. Wakabishana. Mama hakujua jibu, na alisema wazi, "Sijui. Hesabuni." Wakahesabu kamba nzima: 24. Nafasi ni 25 kweli, lakini pale penye vigingi hapafungwi kitu. Kijana alikaa akiitazama kamba kwa muda mrefu. Hatukumwona mtoto akitazama ubao wa darasani namna ile.

Kumbe binti naye alikuwa na daftari jingine, alilolificha asije akaambiwa anapoteza karatasi. Ndani yake alikuwa ameandika, kwa siku 20 mfululizo, saa ambayo maji yamekupwa na umbo la mwezi la usiku uliotangulia. Bibi jirani ndiye aliyemwonyesha, kwani wazee wa pwani huzijua siku za bamvua kwa kuuhesabu mwezi, na mwezi ule ulikuwa wa Ramadhani, kila mtu akiutazama. Bibi yule, naye amefunga, jua kali, alikuwa akimfundisha mtoto wa Kikristo elimu ya mbingu na maji bila ada. Sayansi ambayo ratiba yetu iliiweka saa 4 na nusu ilikuwa imekwisha kufundishwa, na kwa undani zaidi.

Ijumaa ilikuwa zamu ya baba. Mama alikuwa na zoezi la sehemu, robo na nusu na thuluthi, na lilimshinda. Baba, ambaye majuma yale yote alisema elimu yake ya darasa la saba haitoshi kumfundisha mtu, alikuwa akikanda unga. Aliuliza bila kugeuka, "Kilo moja na nusu ya unga inatosha watu 12. Sisi leo na Padre tuko sita. Nipime unga kiasi gani?" Kimya. Akasema tena, "Nusu ya kilo moja ni ngapi? Nusu ya nusu kilo ni ngapi? Ziunganishe." Kijana akasema, "Robo tatu." Baba akamwambia apime mwenyewe. Kisha, akikata madonge, aliwaeleza jinsi hotelini alivyokuwa akipunguza na kuongeza kila kiungo kwa idadi ya wageni, asubuhi kwa asubuhi, kwa miaka. Kijana alimwuliza, "Baba, hiyo ndiyo kazi yako?" Alijua baba yake ni mpishi. Hakujua kwamba baba yake anajua hesabu.

Jioni ile kijana alipeleka sahani ya chapati kwa bibi jirani kwa ajili ya futari, akarudishwa na bakuli la muhogo wa nazi. Na usiku baba alituambia lile lililokuwa moyoni: alikuwa amekwisha kuazimia kurudi bara peke yake, kwa sababu aliona nyumbani hapo hana faida. Hatukumpa hotuba. Tulimwuliza tu kesho atafundisha nini. Alifikiri, akasema, "Asilimia."

Jumamosi alifundisha asilimia. Kijana alikuwepo.

Dominika tarehe 10 Mei ilikuwa Dominika ya 5 ya Pasaka, Mwaka A. Tuliadhimisha Misa Takatifu uani kwao, chini ya mkungu, watu wachache walioketi mbalimbali, ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Injili ilikuwa ile ya Mtakatifu Yohane ambamo Yesu anawatuliza wanafunzi wake kwa kuwaambia juu ya nyumba ya Baba yenye makao mengi. Tuliwaeleza waamini habari ya ratiba yetu, tukawaomba wote radhi. Baada ya Misa mama aliibandua ile karatasi ukutani. Hakuitupa, kwani karatasi ilikuwa adimu. Aliigeuza, akampa mdogo aandike herufi upande wa pili.

Wapendwa katika Kristo, tunajifunza nini?

Kwanza, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mtakatifu Yohane Paulo II alilirudia fundisho hilo katika Wosia wake juu ya familia, Familiaris Consortio, mwaka 1981, akieleza kwamba haki na wajibu huo umetokana na kule kumpa mtoto uhai, hivyo hakuna awezaye kuuchukua mahali pao. Angalieni: msingi wa haki hiyo ni uzazi. Cheti hakikutajwa. Mama asiyejua Kiingereza na baba wa darasa la saba wanayo kwa ukamilifu.

Pili, tusieleweke vibaya. Hatuwaambii mwaondoe watoto shuleni. Elimu ya msingi kwa Zanzibar ni ya lazima kisheria, na tangu 23 Septemba 1964 ilitangazwa kutolewa bila malipo. Hilo ni jema kubwa. Kanisa lenyewe, tangu wamisionari walipofika Unguja mwaka 1860, limefundisha watoto. Wapo Paje wazazi, hasa waliotoka ng'ambo, wanaosomesha watoto nyumbani kwa vitabu na intaneti, na hatuwahukumu. Lakini shule humsaidia mzazi, haimwondolei kazi yake. Mtoto akirudi saa 7 mchana, shule ya nyumbani ndiyo inafunguliwa.

Tatu, Mtakatifu Paulo VI alipohiji Nazareti tarehe 5 Januari 1964 aliitaja nyumba ile kuwa shule, na akataja masomo matatu tunayofundishwa pale: ukimya, maisha ya familia, na kazi. Yesu aliishi huko miaka karibu 30. Hatuambiwi Yosefu alikuwa na ratiba gani. Tunaambiwa alikuwa seremala, na Yesu naye aliitwa seremala. Maana yake mtoto alikuwepo baba alipokuwa akifanya kazi. Hayati Papa Fransisko naye, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliwaonya wazazi kwamba kutaka kutawala kila hatua ya mtoto si malezi. Maonyo hayo tunayapokea sisi wachungaji kabla yenu.

Kwa hiyo tunawapeni mambo matatu kwa juma hili, na safari hii hatuyaandikii saa. Mchukueni mtoto mahali mnapofanyia kazi, japo mara moja, aone mikono yenu inajua nini. Mkiulizwa msilolijua, semeni "sijui", halafu mlitafute pamoja naye. Na mkimkosea mtoto, mwombeni msamaha kabla jua halijazama.

Mtauliza yaliyofuata. Skuli zilifunguliwa katikati ya mwaka ule, na kijana alirudi darasani. Baba hakwenda bara. Alivumilia hadi wageni walipoanza kurejea, naye akaitwa kazini. Binti aliendelea kuandika maji na mwezi. Si kila kitu kilinyooka: kijana ameacha na kurudi shuleni mara moja tangu hapo, na wazazi wake wamelia mara zaidi ya moja. Lakini kila Ijumaa baba akiwa na nafasi, anakanda unga, na watoto wanakaa naye jikoni.

Tusali. Ee Mungu Baba mwema, uliyemkabidhi Mwanao mikononi mwa fundi na mama wa Nazareti, uwatie nguvu wazazi wote wanaofundisha wakiwa wamechoka. Uwafute mioyoni misalaba ya hatia ambayo wewe hukuiandika. Utujalie sisi wachungaji wao kuona kwanza, kisha tuseme. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka. Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.